Kamani ya Kusokota Hainunuliwi kwa Macho

Mwananchi aamkaye alfajiri katika visiwa vyetu huitumia kamani kabla hajanywa chai, na aghalabu hana habari. Kibanio kilichoshika kanga kwenye kamba uani kina kamani. Mtego wa panya uliotegwa jikoni una kamani. Na mwenye duka anapouinua mlango wake wa chuma, ule unaojiviringisha juu, uzito wote ule hauchukuliwi na mikono yake. Sehemu kubwa huchukuliwa na kamani zilizofichwa ndani ya bomba. Wengine huziita springi, na si neno. Zote hizo ni za jamii moja, kamani za kusokota: waya uliozungushwa mapindi kadhaa na kuachiwa mikono miwili, ambao kazi yake ni kukataa kuzungushwa. Kibanio cha namna hiyo si kitu cha jana. Hataza yake ilitolewa Marekani, kwa mtu wa jimbo la Vermont, mwaka 1853.

Jambo lililonishika kuandika ni dogo kwa bei, kubwa kwa madhara. Katika ghala moja ambalo sitalitaja, mlango wa namna hiyo ulikuwa na kamani mbili, moja kila upande. Zilipochakaa, mnunuzi alichukua ile ya kulia, akaipeleka dukani na kusema, "Nipe mbili kama hii." Alipewa mbili kama hiyo, na hilo ndilo lililokuwa kosa. Katika mlango wa aina ile kamani moja hupindwa kulia na mwenziwe hupindwa kushoto. Ya pili ikatiwa kwa nguvu upande usio wake. Haikudumu. Siku moja mlango ulishuka wenyewe na kumvunja mpagazi vidole viwili. Fundi akalaumiwa, ingawa karatasi ya ununuzi ndiyo iliyokuwa na ila.

Yafaa ieleweke, basi, nini hutokea ndani ya chuma. Jina la kamani hii linadanganya kidogo. Mikono inapozungushwa, waya wenyewe hausokotwi. Unapindwa, kama ufito unavyopindwa juu ya goti. Waya unaosokotwa hasa ni ule wa kamani za kugandamiza na za kuvuta, na hizo ndizo zisizoitwa za kusokota! Tuwaachie wenye majina. La kushika ni kwamba kamani hii imezoeshwa upande mmoja tangu ilipozungushwa kiwandani. Ukiikaza kwa kuyafunga mapindi yake, huvumilia. Ukiilazimisha kwa kuyafungua, huchoka mapema na pengine hukatika. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mnunuzi si ukubwa, ni upande. Isimamishe kamani mbele yako na utazame mapindi yaliyo upande wako: yakipanda kuelekea kulia, ni ya kulia, yakipanda kuelekea kushoto, ni ya kushoto. Kuigeuza juu chini hakubadilishi kitu, na asiyeamini na ajaribu.

Swali la pili ni nguvu, na hapa ndipo jicho linapomponza mtu. Mwingereza Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba kamani hurudisha nguvu kwa kadiri ilivyosogezwa: ukizidisha mzunguko mara mbili, upinzani nao huzidi mara mbili. Hilo ni jepesi. Lakini nguvu hiyo hufuata unene wa waya kwa namna kali mno, kwani unene huzidishwa kwa wenyewe mara nne. Tuchukue kamani ya chuma cha pua yenye waya wa milimita 2, mapindi 5, na upana wa milimita 20 ukipimwa katikati ya waya hadi katikati ya waya. Kuizungusha robo mzunguko, ukiushika mkono wake sentimita 5 kutoka katikati, kwahitaji nguvu ya kama kilo moja na nusu. Badili waya tu, uweke wa milimita 2.2. Tofauti hiyo hakuna mtu aionaye kwa jicho, lakini sasa zatakiwa kilo 2.3, karibu nusu zaidi. Mlango uliokuwa ukitulia sasa hautaki kushuka. Kinyume chake, ukiongeza mapindi kutoka 5 hadi 10, kamani hulegea kwa nusu. Kwa hiyo waya upimwe kwa kalipa, na mapindi yahesabiwe kwa kidole.

Asiye na zana za maabara asikate tamaa. Mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki yatosha. Funga kamani ndogo kwenye jiliwa, tia ndoana ya mizani mwisho wa mkono, vuta kwa pembe mraba mpaka mkono ufike mahali unapofika kazini, kisha soma. Zidisha kilo hizo kwa urefu wa mkono kwa sentimita. Hicho ndicho kipimo cha kumpa muuzaji, pamoja na kumwambia ni kwa kiasi gani cha mzunguko. Lakini kamani kubwa ya mlango isichezewe hivyo. Ile iliyokazwa imebeba nguvu ya kumwangusha mtu, na kuifungua kwa bisibisi badala ya fimbo zake maalumu ni kujitafutia kilema. Hiyo aachiwe fundi aliyefunzwa.

Liko jingine ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Kamani inapokazwa hujibana: mapindi huongezeka kidogo na tundu la katikati hupungua. Ile ya mfano wetu ina tundu la milimita 18 ikiwa imetulia. Ikizungushwa robo, hubaki 17 na ushei. Fundi akitia mhimili wa milimita 17.5 utaingia vizuri kabisa mezani, kisha kazini kamani itaung'ata na kukwama. Mhimili wa milimita 15 ungefaa. Vilevile kamani hurefuka inapokazwa, unene wa waya mmoja kwa kila mzunguko mzima. Iachiwe nafasi ubavuni.

Na bahari je? Waya wa kamani wa kawaida una nguvu sana, lakini kutu hauuwezi, na hewa yetu ina chumvi usiku na mchana. Kutu hufanya vishimo vidogo, na waya unaopindwa kila siku huanza kupasuka kwenye vishimo hivyo hivyo. Chuma kisichoshika kutu ni bora kwa nyumba za pwani na vyombo vya baharini, ila huwa laini kidogo kuliko kile cha kwanza kwa vipimo vile vile, na mnunuzi alihesabu hilo. Kupaka zinki kwa umeme kwasaidia, lakini kwaweza kuingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike kama kioo, kisipotiwa joto baadaye kama ipasavyo. Grisi, kwa upande wake, ni rahisi na haina hila.

Ndugu zetu wa maofisini wanaotia saini maagizo ya vipuri wasiridhike na maneno "kamani ya mlango, mbili". Karatasi na itaje upande wa pindi, unene wa waya, upana wa ndani, idadi ya mapindi, urefu na umbo la mikono, aina ya chuma, nguvu inayotakiwa na mzunguko wake, na kama kamani hufanya kazi mara mbili kwa siku au mara mia. Na kamani ya zamani, hata ikiwa imekatika, isitupwe: ifungwe kibandiko chenye neno "kulia" au "kushoto", ipelekwe pamoja na karatasi hiyo.