Simu ya kazi isikunyime raha ya nyumbani

NI saa tatu na nusu usiku. Umetoka mjini, umevumilia msongamano wa magari katika Barabara ya Jogoo, na sasa umeketi na watoto kula ugali. Mara simu inalia. Ni yule mteja wako tena, anauliza jambo ambalo lingengoja hadi asubuhi. Mkeo anakutazama bila kusema neno, lakini wajua anachowaza.

Je, mpenzi msomaji, utafanya nini?

Wengi wetu hujibu huku tumekunja uso. Wengine huiacha simu ilie mpaka ichoke. Njia zote mbili ni mbovu, kwani mwenzako hawezi kuyajua yaliyo moyoni mwako iwapo hujamwambia.

Mimi mwenyewe yamenipata. Miaka michache iliyopita nilifanya kazi na mpiga picha mmoja aliyezoea kunipigia usiku. Nilivumilia miezi mitatu, kimya. Usiku mmoja, mtoto akiwa na homa, simu ililia nikamfokea kwa maneno ninayoyajutia hadi leo. Hakunipigia tena. Baadaye nilipata habari kwamba mchana kutwa alikuwa kwenye harusi na mikutano, na alidhani ananifanyia hisani kwa kungoja nitoke kazini. Laiti ningalimweleza mapema! Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Basi ufanyeje?

Kwanza, sema mapema, kabla hujakasirika. Wakati unaofaa zaidi ni pale mnapopeana nambari za simu.

Pili, usimkataze tu, mwonyeshe njia. Ukisema "usinipigie usiku", umemfungia mlango. Afadhali useme hivi: "Bwana, nafurahia kazi yetu. Jambo linaloweza kungoja, naomba uniandikie ujumbe, nami nitakujibu kabla ya saa nne asubuhi. Likiwa la dharura, nipigie wakati wowote. Je, wewe ungependa nikupate kwa njia gani?"

Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Huenda hana bando, ndiyo sababu hupiga simu badala ya kuandika. Huenda ni dereva asiyeweza kusoma ujumbe akiwa njiani. Ujumbe wa sauti wa dakika tano ni rahisi kwake, lakini kwako uliyebanana na wenzako ofisini ni mzigo. Mkielezana, hamkosi kupatana.

Tatu, timiza ahadi. Ukisema utajibu kabla ya saa nne, jibu. Na ukiujibu papo hapo ujumbe usio wa dharura uliotumwa saa tano usiku, umeyafuta maneno yako kwa mkono wako mwenyewe.

Na ikiwa ni mkubwa wako kazini? Hapo pataka adabu zaidi, hasa kwako mwanafunzi uliye katika mafunzo ya kazi. Usimpangie saa, muulize: "Mkubwa, jioni huwa ndani ya matatu na sisikii simu vizuri. Ukinihitaji, nikujibu nikifika nyumbani ama kesho asubuhi?" Huenda akasema kesho. Akisema usiku, angalau umejua mapema, na nyumbani watajua.

Ni kweli sheria ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humpa mfanyakazi wa Kenya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kule Ufaransa, tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi hutakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutosumbuliwa kwa simu na barua pepe baada ya kazi. Lakini mteja wako si mwajiri wako, na sheria haitamnong'oneza sikioni. Kazi hiyo ni yako.

Leo ni Jumapili, usimsumbue mtu. Kesho, kabla ya chai ya saa nne, zungumza na mmoja tu: yule ambaye simu yake hukufanya ukunje uso.