Mbegu ni Kiumbe Hai: Yampasayo Mnunuzi Kuyafahamu Kabla ya Msimu

Msimu wa mvua unapokaribia, maduka ya pembejeo hujaa wateja. Mnunuzi huuliza bei, hutaja jina la mbegu aliyoizoea, hulipa na kuondoka. Ni wachache wanaouliza swali lililo la msingi kuliko yote: je, kilichomo ndani ya mfuko huu bado kiko hai?

Swali hilo si la kitaalamu tu. Msumari uliokaa dukani miaka mitatu hubaki kuwa msumari. Mbegu iliyokaa miaka mitatu karibu na bati la moto huenda imekwisha kufa, ingawa kwa macho inafanana kabisa na iliyo hai. Makala haya yanaeleza kwa ufupi maisha ya mbegu, ili mnunuzi aelewe kila neno lililoandikwa kwenye lebo na sababu ya neno hilo kuwapo.

Kilichomo ndani ya punje

Loweka punje ya haragwe usiku kucha, kisha uimenye asubuhi. Utaona sehemu tatu. Ya kwanza ni ganda, ambalo huilinda punje isikauke kupita kiasi wala kuvamiwa na kuvu. Ya pili ni vipande viwili vinene vilivyojaa chakula. Ya tatu, iliyobanwa katikati ya vipande hivyo, ni kiinitete: mmea mchanga wenye kimzizi na kichipukizi chake. Punje ya hindi nayo ina sehemu hizo, ila akiba yake kubwa ya chakula ni ule wanga tunaousaga kuwa unga, na kiinitete kimekaa upande mmoja, karibu na ncha iliyoshikana na gunzi.

Kwa hiyo mbegu si kitu kinachokuja kugeuka mmea. Ni mmea tayari, uliolala, ukiwa umefungiwa chakula cha safari.

Jinsi punje inavyoamka

Mbegu huhitaji mambo matatu ili iote: maji, hewa ya oksijeni na joto linalofaa. Maji huingia kwanza, punje ikavimba na ganda likapasuka. Ndani yake vimeng'enya huanza kuvunjavunja wanga na kuugeuza sukari, na kiinitete huitumia sukari hiyo kwa msaada wa oksijeni. Ndiyo sababu mbegu iliyozama katika maji yaliyotuama huoza badala ya kuota: maji anayo, lakini hewa hana huyo mmea mchanga.

Kimzizi hutangulia kutoka, kisha kichipukizi. Hadi majani yafike kwenye mwanga na kuanza kujitengenezea chakula kwa usanisinuru, mmea huishi kwa akiba iliyomo ndani ya punje peke yake. Punje kubwa ya hindi ina akiba ya kutosha kuusukuma mche kutoka kina cha sentimita 5. Punje ndogo ya mchicha haina uwezo huo. Ikifukiwa kwa kina hicho, chakula chake humalizika kabla haijaona jua. Si kila mbegu isiyochomoza, basi, ni mbegu mbovu. Nyingine imezikwa tu.

Kwa nini mbegu huzeeka

Hata ikiwa imelala, mbegu hupumua na hutumia akiba yake polepole. Joto na unyevu huharakisha matumizi hayo. Wataalamu wa hifadhi ya mbegu hutumia kanuni nyepesi iliyotolewa na James Harrington wa Marekani: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia 1, au joto la ghala linapopungua kwa nyuzi 5 za Selisiasi, muda wa mbegu kuishi huongezeka takriban mara mbili. Kanuni hii hufaa kwa mbegu zinazovumilia kukaushwa, kama nafaka na mikunde, zenye unyevu wa kati ya asilimia 5 na 14 hivi.

Ushahidi wa nguvu ya ukavu upo. Mwaka 2005, nchini Israeli, iliota mbegu ya mtende yenye umri wa karibu miaka 2,000, iliyochimbuliwa katika ngome ya Masada, kwenye jangwa lililo kando ya Bahari ya Chumvi. Kinyume chake, mfuko wa mahindi ulioachwa sakafuni katika chumba chenye joto na unyevunyevu unaweza kupoteza sehemu kubwa ya uhai wake kabla ya msimu unaofuata.

Hasara yake inahesabika. Mkulima anayepanda mahindi kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, punje moja kila shimo, huwa na mashimo yapatayo 18,000 katika ekari moja. Mbegu zikiota kwa asilimia 90, atapata miche 16,200. Zikiota kwa asilimia 60, atapata 10,800. Pengo ni miche 5,400, ilhali gharama ya kulima na kupalilia ekari ile ni ileile.

Mbegu chotara na mbegu ya kutunza

Wanunuzi wengi hulalamika kwamba mahindi chotara "yametiwa dawa" ili yasioteshwe tena. Sivyo. Punje zilizovunwa kutoka shamba la chotara huota. Tatizo liko kwenye urithi.

Katika mhindi, ua la kiume ni shada lililo kileleni, liitwalo mbelewele, na ua la kike ni gunzi lenye ndevu. Kila unywele wa ndevu huongoza kwenye punje moja. Usipopata chavua, mahali pa punje hiyo hubaki pengo. Mzalishaji wa mbegu chotara huchukua wazazi wa koo mbili tofauti, kila ukoo ukiwa umechavushwa wenyewe kwa wenyewe kwa vizazi kadhaa, kisha huwachanganya. Watoto wao wa kwanza hufanana na huwa na nguvu nyingi. Lakini watoto hao wakichavushana wenyewe kwa wenyewe shambani, sifa za mababu hutawanyika upya: mmea huu mrefu, ule mfupi, huu umechelewa kukomaa. Mavuno hupungua. Anayenunua chotara ajue kwamba ananunua mbegu ya msimu mmoja.

Aina za mahindi zinazochavushwa kwa uhuru, kama vile Staha na TMV-1, zaweza kutunzwa kwa misimu michache iwapo shamba litatengwa mbali na mahindi mengine, kwa kuwa chavua husafiri kwa upepo. Haragwe ni rahisi zaidi. Ua lake kwa kawaida hujichavusha lenyewe, hivyo mtoto hufuata mzazi. Hata hivyo, magonjwa fulani ya maharage husafiri ndani ya mbegu. Usitunze punje zilizotoka kwenye mimea iliyougua.

Rangi ya mbegu ni onyo

Mbegu nyingi hupakwa dawa ya kuua kuvu na wadudu, kisha hutiwa rangi ili zisichanganywe na chakula. Kuosha rangi si kuondoa sumu. Nchini Irak, katika majira ya baridi ya 1971 na 1972, ngano na shayiri za mbegu zilizopakwa dawa yenye zebaki zilisagwa na kuokwa mikate. Maonyo kwenye magunia yalikuwa kwa lugha zisizojulikana na wakulima, na wako walioziosha nafaka hizo hadi rangi ikatoka, wakadhani zimekuwa salama. Watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao walifariki dunia.

Kwa hiyo, mbegu iliyobaki isipikwe, isisagwe, wala isitupiwe kuku. Mfuko wake usigeuzwe kuwa wa kuwekea unga.

Mambo ya kukagua dukani

1. Nunua mfuko uliofungwa. Mbegu inayopimwa kwa kopo kutoka gunia lililo wazi haina mtu wa kuiwajibikia.
2. Soma lebo: jina la zao na la aina, namba ya fungu la mbegu, kiwango cha uotaji na tarehe ya kupimwa. Kiwango kizuri chenye tarehe ya zamani hakielezi hali ya leo.
3. Tazama lebo ya uthibitisho. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, wajibu wa kuthibitisha mbegu ni wa taasisi ya TOSCI.
4. Angalia mahali mfuko ulipokaa. Mbegu zilizoanikwa juani mbele ya duka, au kulazwa kwenye sakafu yenye unyevu, ziache.
5. Dai risiti yenye jina la mbegu na namba ya fungu.

Jipimie mwenyewe nyumbani

Wiki mbili kabla ya kupanda, hesabu punje 100 bila kuchagua zilizo nzuri. Zipange juu ya kitambaa kilicholoweshwa, uzifunike kwa kitambaa kingine, uviringishe na kuweka kivulini. Kitambaa kiwe na unyevu daima, kisizame majini. Kwa mahindi, baada ya siku 7 hesabu miche iliyo na mzizi na chipukizi vilivyo timamu; idadi hiyo ndiyo asilimia ya uotaji. Nawa mikono kwa sabuni, na vitambaa hivyo visirudi jikoni.

Iwapo mbegu hazikuota

Fukua mashimo machache kwanza. Punje ngumu, isiyovimba, imekosa maji. Punje iliyotobolewa imeliwa na wadudu. Punje iliyovimba ikaoza bila kutoa mzizi, katika udongo usiotuamisha maji, inatia shaka juu ya uhai wake. Vilevile, magunzi yenye mapengo hayathibitishi kuwa mbegu ilikuwa bandia. Ukame wakati wa ndevu kutoka waweza kuzuia uchavushaji.

Ukiridhika kuwa kosa ni la mbegu, hifadhi mfuko, lebo, risiti na punje kadhaa zilizobaki. Toa taarifa mapema kwa muuzaji, kwa ofisa ugani wa kata yako na kwa mamlaka ya mbegu, wakati shamba bado linaweza kukaguliwa. Fungu moja la mbegu huuzwa kwa wengi. Namba iliyo kwenye mfuko wako yaweza kuwaokoa wengine ambao bado hawajapanda.