Kauri Inayoshinda Moto, Ikasumbuliwa na Maji

Tarehe 11 Machi 2011 tsunami ilifurika jenereta za dharura za kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, Japani, na pampu za kupozea vinu zikakosa umeme. Urani ya vinu hivyo ilikuwa ndani ya mirija ya aloi ya zirkoniamu. Metali hiyo hutulia katika maji ya kawaida ya kinu, lakini joto likipita nyuzijoto 1,200 za sentigredi hunyakua oksijeni ya mvuke kwa kasi, huongeza joto na kuacha haidrojeni. Gesi hiyo ndiyo iliyolipua majengo ya vinu namba 1, 3 na 4.

Tangu hapo juhudi za kutengeneza mirija ya silikoni kabidi zimeongezeka. Kauri hii huhimili joto linaloyeyusha zirkoniamu, na humenyuka na mvuke polepole mno.

Kasoro ya kauri ni kupasuka ghafla, na dawa yake ni nyuzi. Mwaka 1975 Seishi Yajima wa Chuo Kikuu cha Tohoku alionyesha jinsi ya kupata nyuzi za silikoni kabidi kutokana na polima. Siku hizi nyuzi hizo hupakwa kaboni nyembamba na kusukwa umbo la mrija, kisha gesi hupenyezwa katikati yake tanurini na kuijaza mianya kauri ile ile. Ufa ukifika kwenye kaboni hugeuza njia, ukaufuata uzi badala ya kuukata. Ndivyo ulivyo ukuta wa udongo: tope hupasuka, fito zikashikilia.

Hata hivyo, ufa usiovunja mrija waweza kuvujisha gesi zenye mionzi. Tena kuna maji. Katika mvuke mkali, uso wa kauri hugeuka silika, ambayo huwa ngao. Katika maji ya kinu, yenye nyuzijoto 300 hivi, silika hiyo hiyo huyeyuka, na mrija wenye unene usiofika milimita moja hukonda. Ndiyo maana watafiti hujaribu kuupaka kromiamu, au kutia haidrojeni majini ili kupunguza oksijeni.

Ajali ni ya saa au siku chache, tena huenda isitokee. Majini mrija hukaa miaka. Ukisikia kauri mpya imestahimili tanuri, uliza kwanza imekaa majini muda gani.