Matembezi kisiwani Skye: Mtoto mdogo ndiye kipimo cha mlima

MZAZI anayetazama picha za kisiwa cha Skye, kilicho pwani ya magharibi ya Uskoti, huingiwa na hofu kwanza. Milima yake imechongoka kama meno ya msumeno, ukungu umetanda vileleni na upepo wa bahari haupumziki. Je, mtu mwenye akili timamu atawapeleka watoto mahali kama hapo na kusema ni likizo?

Jibu ni ndiyo. Kila mwaka familia nyingi hutembea kwa miguu kisiwani humo na watoto wa shule, wengine hata wakiwa wamebeba wachanga mgongoni, nazo hurudi salama. Siri yao si ushujaa. Wao huchagua njia inayowafaa, hupima mwendo kwa miguu ya aliye mdogo zaidi na huwa tayari kugeuka kabla mambo hayajaharibika.

Njia zipi zinafaa?

Skye ina ukubwa wa takriban kilomita 1,650 mraba na wakazi wapatao 10,000. Mji wake mkuu ni Portree. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka wa 1995, mgeni anaweza kufika kwa gari au basi bila kupanda feri.

Milima ya Cuillin, iliyo kusini, si ya familia. Mgongo wake mkuu una vilele 11 vilivyozidi futi 3,000, yaani mita 914, na kirefu zaidi ni Sgùrr Alasdair chenye mita 992. Huko watu hupanda kwa mikono na kamba. Isitoshe, baadhi ya miamba yake ina nguvu ya sumaku inayopotosha dira. Watoto wataifurahia milima hiyo kwa kuitazama kutoka chini.

Mahali pa kuanzia ni Claigan, kaskazini magharibi. Kutoka hapo kuna njia tambarare ya kwenda ufuo mweupe uitwao Coral Beach, na kwenda na kurudi hakuzidi kilomita 4. Weupe huo si wa matumbawe kama ya pwani yetu. Ni vipande vya mwani wenye chokaa, uliokauka na kupaushwa na jua.

Huko Staffin, kwenye ufuo wa An Corran, maji yanapokupwa huonekana nyayo za dinosaria zilizoachwa kwenye tope zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita. Mtoto aliyeanza kulalamika miguu hupata nguvu mpya akiambiwa kwamba anazitafuta.

Kwa walio na umri wa miaka sita na zaidi kuna njia ya Old Man of Storr, nguzo ya mwamba yenye urefu wa karibu mita 50. Matembezi ni takriban kilomita 4 kwenda na kurudi, lakini ni mwinuko wa karibu mita 290. Vidimbwi vya Fairy Pools, karibu na Glenbrittle, havina mwinuko mkali. Hata hivyo, maji yake ni baridi mwaka mzima na mto hufura ghafla baada ya mvua.

Pima saa kabla ya kuondoka

Mwaka wa 1892 mpanda milima Mskoti, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila maili 3, yaani karibu kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani karibu mita 600.

Kwa hesabu hiyo, njia ya Storr ingemchukua mtu mzima mwenye siha saa moja na robo. Lakini Naismith hakuwa akimhesabu mtoto anayesimama kuokota mawe na kuuliza maswali. Ukitembea na watoto, zidisha mara mbili, kisha ongeza muda wa kula. Mwezi Juni mchana wa Skye ni mrefu kupita saa 17, kwa hivyo hakuna haraka. Mwezi Desemba haufiki saa 7, na giza halimngoji mtu.

Baridi isiyopiga hodi

Hatari kubwa kwa mtoto kwenye njia hizi si jabali tu. Ni mvua na upepo vikija pamoja, jambo la kawaida kisiwani humo hata mwezi Julai.

Mwili wa mtoto hupoteza joto haraka kuliko wa mtu mzima, kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Aliyebebwa mgongoni yuko hatarini zaidi. Baba anatokwa jasho kwa kupanda, ilhali mtoto hasogezi kiungo hata kimoja na anapigwa na upepo.

Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mambo ni ya dharura. Dalili za mwanzo ni kutetemeka, kujikwaa, kununa na kuchoka kusiko kwa kawaida. Wazazi wengi hudhani mtoto anadeka. Baadaye huanza kusema ovyo au kunyamaza kabisa. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, usishangilie; hali imezidi kuwa mbaya.

Mkinge na upepo, mvue nguo zilizolowa, mvike kavu na mfunike kichwa. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe kinywaji cha moto kiasi chenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, wala usimtie katika maji ya moto. Piga simu 999, omba polisi kisha waokoaji wa milimani. Hao ni watu wa kujitolea na hawatozi malipo.

Kinga ni rahisi. Fulana ya pamba ikilowa haikauki upesi, hivyo mvike mtoto nguo za sufu au za nailoni, sweta, na koti la mvua juu. Beba soksi za akiba, kofia, chakula kingi na chupa ya chai. Ukiona mawingu yanashuka au mtoto amenyamaza, rudini. Wala msione aibu.

Faida ni nyingi

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za mazoezi yanayomfanya ahemahema. Kilima kimoja hutimiza hayo bila kumlazimisha. Katika visiwa vya Shetland, pia vya Uskoti, tangu mwaka wa 2018 madaktari wameweza kumwandikia mgonjwa matembezi ya nje pamoja na tiba yake ya kawaida.

Jioni, kagua kupe

Kuanzia Mei hadi Septemba visubi huuma sana asubuhi na jioni pasipo na upepo. Wanaudhi, lakini hawaambukizi maradhi.

Kupe ni jambo jingine. Sisi humjua kwa ndigana ya ng'ombe. Kule baadhi yao huwaambukiza watu ugonjwa wa Lyme. Kila jioni mkague mtoto shingoni, nyuma ya masikio, kwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Ukimpata, mshike kwa kibano karibu na ngozi, umvute polepole bila kumpasua. Usimpake mafuta wala kumchoma.

Doa linalozidi kupanuka laweza kutokea siku 3 hadi 30 baadaye, na kwenye ngozi nyeusi si rahisi kuliona. Huenda wakati huo mmesharudi Nairobi. Ukiona doa hilo, au mtoto akipata homa na maumivu ya viungo, mpeleke hospitali na umwambie daktari kwamba mlitembea Uskoti. Ugonjwa huu hutibiwa kwa antibiotiki, lakini daktari asipojua mlikotoka, hatakuwa na sababu ya kuufikiria.