Somo la Redio: Kukusanya Sauti Nyingi Katika Njia Moja

Kaeni vizuri. Mwalimu wa darasa aongeze sauti ya redio hata walio nyuma wasikie, na kila mtu awe na kalamu na daftari lake. Na wewe usiyekuwa na redio, unayesoma somo hili katika karatasi, usiwe na wasiwasi. Sauti zote tulizozipiga zimeelezwa ndani ya mabano. Zisome polepole, nawe utasikia.

Leo tupo Mangapwani, pwani ya magharibi ya Unguja, upande wa kaskazini wa mji, njia ya Bububu. Watu wengi wanaijua Mangapwani kwa sababu ya pango lake la maji baridi, na kwa sababu ya lile shimo la mawe walimofichwa watumwa. Sisi hatukuja kutembea. Tumekuja kwa sababu hapa kuna kikundi cha kidumbak kinachotaka kunasa nyimbo zake, na mashine waliyonayo ni ndogo kama kitabu, inakwenda kwa betri, na ina njia nne tu.

Njia ni nini? Sikiliza.

(Zinasikika ngoma mbili ndogo peke yake. Kisha sanduku peke yake, sauti nene. Kisha vyote viwili pamoja.)

Umesikia? Ngoma zimenaswa mahali pao, na sanduku mahali pake. Mashine imeviweka mbali mbali, na inaweza kuvipiga pamoja. Kila mahali pa namna hiyo ni njia. Mafundi wa studio husema "traki". Ukitaka kupunguza ngoma, unapunguza njia ya ngoma tu, na sanduku halitikisiki. Ukitaka kufuta ngoma na kuzipiga upya, unazifuta, na sanduku linabaki salama.

Sasa tuhesabu pamoja. Kidumbak kina ngoma mbili za mchezaji mmoja, hiyo ni sauti moja. Kina sanduku, mbili. Mkwasa, ile mikongojo mifupi inayogonganishwa, tatu. Cherewa, vile vifuu vyenye mbegu ndani, nne. Fidla, tano. Mwimbaji, sita. Waitikiaji, saba. Sauti saba, na mashine ina njia nne. Utafanyaje?

Mtu mmoja atasema: waite wote, wakae mbele ya maikrofoni moja, wapige mara moja, tumalize. Ni jawabu zuri, na wakubwa wetu walifanya hivyo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenziwe walisafiri kwa meli mpaka Bombay, huko India, kunasa nyimbo za taarab katika sahani za santuri. Siku hizo hapakuwa na njia mbili, sembuse nne. Wapigaji wote na mwimbaji walisikika kwa pamoja, na sindano ilichora sauti zao katika nta. Mmoja akikosea, wote walirudia tangu mwanzo. Lakini sahani zile zinasikilizwa hata leo. Kwa hiyo usidharau maikrofoni moja.

Lakini kikundi chetu kina shida yake. Mpiga sanduku ni mvuvi, na siku ambazo bahari ni nzuri hayupo. Mwimbaji anafanya kazi hotelini, hupata nafasi Jumatatu tu. Hawawezi kukutana wote siku moja. Basi inawabidi wanase vipande vipande, na hapo ndipo tunapohitaji somo la leo.

Chukua kalamu. Katika mashine nyingi utaona kitufe au maandishi ya Kiingereza yenye herufi sita: B, O, U, N, C, E. Andika ubaoni: BOUNCE. Maana yake ya kawaida ni kudunda, kama mpira unavyodunda. Vijana wa studio husema "kubaunsi". Lakini kazi yenyewe si kudunda. Kazi ni kukusanya: mashine inapiga sauti za njia kadhaa, na wakati huo huo inazinasa zote katika njia nyingine iliyo tupu. Mimi nitasema kukusanya, maana ndivyo ilivyo.

Hivi ndivyo kikundi cha Mangapwani kilivyofanya. Siku ya kwanza walinasa ngoma katika njia ya 1. Kisha mpiga sanduku alivaa hedifoni, akasikiliza ngoma, akapiga sanduku lake katika njia ya 2. Kisha wa mkwasa na wa cherewa walikaa pamoja mbele ya maikrofoni moja, wakaingia njia ya 3. Njia ya 4 waliiacha tupu. Hili usilisahau: katika mashine ya namna hii, lazima ibaki njia tupu ya kupokelea. Ukijaza zote nne, umejifungia mlango. (Ziko mashine nyingine ambazo hukusanya katika njia ya siri au katika faili jipya, na hizo hazihitaji njia tupu. Soma kijitabu cha mashine yako.)

Halafu wakakusanya njia ya 1, 2 na 3, zikaingia zote katika njia ya 4.

(Inasikika njia ya 4: ngoma, sanduku, mkwasa na cherewa, zote pamoja.)

Sasa njia ya 1, 2 na 3 zinaweza kutumiwa tena. Fidla ikaingia ya 1, mwimbaji ya 2, waitikiaji ya 3. Sauti zote saba zimepata mahali, na mashine ni ile ile ya njia nne.

Jambo hili si geni. Mwaka 1967 huko London, The Beatles walitoa sahani yao ya Sgt. Pepper, na mashine walizonasia zilikuwa za njia nne. Walijaza njia, wakazikusanya katika mashine nyingine, wakaongeza tena. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa mashine ndogo ya njia nne iliyotumia kaseti za kawaida, na hapo mtu aliweza kufanya kazi hii chumbani kwake. Lakini kaseti ilikuwa na ila moja. Kila ulipokusanya, mvumo wa kanda uliongezeka. Ukikusanya mara ya tatu, mvumo ulikuwa kama bahari ya hapa usiku, na ngoma zikawa kama zimefunikwa blanketi. Mashine za siku hizi zinaandika sauti kwa hesabu, na kukusanya hakuongezi mvumo wa kanda. Watu wakalifurahia jambo hilo kiasi cha kudhani kwamba kukusanya sasa hakuna hatari.

Hatari iko. Nitakueleza kwa mfano wa nyumbani.

Akina mama wa hapa wanasuka ukili, kisha wanauunga, unakuwa mkeka. Ukikosea kuunga, unafumua uzi, ukili unabaki ukili. Njia nne kabla ya kukusanywa ni kama ukili. Lakini ukishakusanya, umepika mchuzi. Tui limeingia, ndimu imeingia, chumvi imeingia. Chumvi ikizidi huwezi kuitoa kwa kijiko. Ngoma zikiwa kubwa mno katika njia ya 4, huwezi kuzipunguza peke yake. Ukipunguza, sanduku nalo linapungua.

Mimi mwenyewe nilipata somo hili kwa njia mbaya. Miaka iliyopita nilinasa nyimbo za mzee mmoja mpiga fidla. Nilikuwa na mashine kama hii. Nilinasa ngoma, sanduku na fidla yake, nikakusanya zote tatu katika njia ya 4. Nilisikiliza uani, upepo unavuma katika mivinje, nikaona ni sawa. Nikafuta njia tatu za mwanzo papo hapo ili niwanase waimbaji. Waimbaji walipoingia, fidla ilizama. Niliipandisha njia ya 4, ngoma zikapanda nayo. Niliishusha, fidla ikapotea kabisa. Nikasema, si neno, mzee atarudi apige tena. Mzee hakuwahi kurudi. Alifariki kabla ya masika. Binti yake alikuja kuniomba sauti ya baba yake. Nikampa nilichokuwa nacho. Fidla inasikika humo kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya pili ya hori.

Makosa yangu yalikuwa mawili, tuyatazame moja moja.

La kwanza, nilikusanya kitu ambacho hakikupaswa kukusanywa mapema. Sauti inayoongoza wimbo, kama fidla na mwimbaji, iache kwenye njia yake mpaka mwisho. Kusanya kwanza zile zinazoshika mapigo: ngoma, sanduku, mkwasa, cherewa. Hizo ukikosea kidogo, wimbo bado utasimama. Na unapozipima, usizipime peke yake. Zikiwa peke yake huonekana zina nafasi tele. Mwombe mwimbaji aimbe pembeni kwa sauti ya chini, bila kumnasa, huku wewe unasikiliza. Hapo utajua kama sanduku litamfunika.

La pili, na hili ndilo linaloniuma, nilifuta bila kuweka nakala. Sina udhuru. Tufanye hesabu, nawe utaona. Mashine ya kawaida hupima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huchukua baiti 2. Hiyo ni baiti 88,200 kwa sekunde moja. Zidisha kwa 60: baiti 5,292,000 kwa dakika moja ya njia moja. Wimbo wa dakika 5 ni baiti 26,460,000. Kwa njia nne, 105,840,000. Sasa ile kadi ndogo kama ukucha, iliyoandikwa gigabaiti 8, inabeba baiti 8,000,000,000 hivi. Gawanya. Kadi moja inachukua nyimbo 75 za namna hiyo, njia zake zote nne. Kadi haikunishinda. Uvivu ndio ulionishinda. Karibu kila mashine ina amri ya kunakili wimbo mzima kwa jina jipya. Nakili kwanza, mpe jina la pili, kisha kusanya na ufute katika ile nakala. Wimbo wa asili usiuguse. Siku ukijuta, utakuwa upo.

Andika majina vizuri, tafadhali. Wimbo ulioandikwa "A" na mwingine "A2" utakuchanganya baada ya mwezi mmoja. Kujua kusoma na kuandika kunasaidia hapa kuliko mashine ya bei kubwa.

Kuna mambo mengine madogo, nayataja upesi.

Sauti zinapokutana, zinakuwa kubwa zaidi. Njia tatu ambazo kila moja ilikuwa salama, zikikusanywa pamoja zinaweza kuwasha taa nyekundu. Kanda ya zamani ilivumilia kidogo. Mashine ya hesabu haivumilii: kinachopita juu ya sifuri kinakatwa kama kwa panga, na sauti inapasuka. Sikiliza.

(Inasikika ngoma iliyopasuka, inakwaruza.)

Hiyo haiponi tena. Shusha njia zote kwa kiasi kimoja kabla ya kukusanya, hata ngoma kali kabisa ifike desibeli 6 chini ya sifuri.

Mwangwi usiutie wakati wa kukusanya. Utie mwisho. Vijana wetu walitaka kwenda kunasa pangoni kwa sababu sauti mle ni tamu. Ni tamu kweli, lakini mwangwi wa pango ukishaingia katika ngoma, hautoki, na utagombana na kila sauti itakayofuata. Walinasa chumbani, wakatundika magodoro na mikeka ukutani.

Mwanzoni mwa njia ya kwanza, gonga mkwasa mara nne kabla ya wimbo kuanza. Mwenye fidla atakayekuja Jumatatu atajua pa kuingilia. Migongo hiyo mtaikata mwisho, maana iko nje ya wimbo.

Na betri. Usikusanye kwa betri zilizochoka. Mashine ikizimika inapoandika katika kadi, wimbo waweza kuharibika. Usitegemee umeme wa ukutani peke yake pia. Wakubwa wanakumbuka mwaka 2008, kisiwa kilipokaa gizani karibu mwezi mmoja, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Weka betri mpya mfukoni.

Sasa zoezi la nyumbani. Una mashine ya njia nne, na unaruhusiwa kukusanya mara mbili. Kila sauti lazima inaswe kwanza katika njia yake peke yake. Je, utaweza kuweka sauti ngapi? Chora visanduku vinne katika daftari, uandike 1, 2, 3, 4. Jaza vitatu, kusanya katika cha 4. Sasa vitatu viko huru: jaza viwili, kusanya hivyo viwili tu katika cha 3. Endelea mwenyewe, kisha hesabu. Mwenye kupata saba amepata.

Tunafunga kwa wimbo wa kikundi cha Mangapwani, kama walivyoumaliza Jumatatu iliyopita. Sikiliza fidla inapoingia baada ya ubeti wa kwanza. Iko katika njia ya 1, peke yake.

(Wimbo.)