Wakulima wa Maziwa wa Anand: Habari za Wilaya Moja ya India

Mkulima, huenda ukafikiri kwamba shida za bei ya maziwa, barabara mbaya na wachuuzi wenye hila ziko katika skimu yako tu. Sivyo. Katika habari hii tunakupeleka ng'ambo ya bahari, mpaka wilaya ya Anand katika nchi ya India. Wakulima wa huko walikuwa na shida hizo hizo, na wengi wao wana mashamba madogo. Soma uone walivyofanya, kisha ujadiliane na wenzako.

NCHI YENYEWE

Anand iko katika jimbo la Gujarat, upande wa magharibi wa India. Zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kheda, ambayo Waingereza waliiandika Kaira. Ilitengwa na kuwa wilaya peke yake mwaka 1997. Wenyeji huiita nchi hiyo Charotar. Ni tambarare, haina milima ya kuvuta mawingu kama Nyandarua. Upande wa magharibi uko mto Sabarmati, upande wa mashariki mto Mahi, na kusini iko Ghuba ya Khambhat. Udongo mwingi uliletwa na mito, nao ni laini na rahisi kulimwa. Karibu na bahari udongo una chumvi.

Wewe una mvua ndefu na mvua fupi. Mkulima wa Anand hupata mvua mara moja tu, kutoka Juni mpaka Septemba. Baadaye miezi hupita bila mvua ya maana, na mwezi wa Mei joto hupita digrii 40. Kwa hiyo hutumia maji ya visima na ya mifereji itokayo mto Mahi. Hulima tumbaku, ndizi, mpunga, mawele na mboga. Wenye maji hupanda pia majani ya lusani kwa mifugo.

WATU WAKE

Katika hesabu ya mwaka 2011 wilaya hiyo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Lugha yao ni Kigujarati. Wenye mashamba wengi ni watu wa kabila la Patidar, ambao jina lao la kawaida ni Patel. Ndiyo, ni jina lile lile unalolisoma juu ya milango ya maduka ya Kenya. Familia nyingi za Kipatel zilizovuka bahari kuja Afrika ya Mashariki zilitoka vijiji vya Charotar, kwa sababu ardhi iligawanywa kwa wana mpaka ikawa haitoshi. Hata kabla ya hapo, nguo na shanga za akiki kutoka bandari ya Khambhat zilifika pwani yetu kwa majahazi.

Lakini si wote wenye ardhi. Wako wengi wenye kishamba kidogo sana, na wengine hawana hata hicho, hufanya kazi ya kibarua. Mali yao ni nyati mmoja au wawili.

Usishangae ukisikia nyati. Si yule mbogo wa msituni anayekimbiza watu. Ni mnyama mpole wa kufugwa, mweusi, apendaye kulala majini. Maziwa yake ni mazito: katika kila sehemu 100, mafuta ni 7 hivi, na ya ng'ombe wa grade ni kama 4 tu.

WALIVYOKATAA KUUZA

Mwaka 1945 serikali ya Bombay ilianza mpango wa kupeleka maziwa mjini Bombay kutoka Anand, safari ya kilomita zaidi ya 400 kwa gari la moshi. Kazi ya kununua maziwa ilipewa kampuni moja ya mtu binafsi. Mtu wa mjini alipata maziwa, kampuni na wachuuzi wake walipata faida, lakini mkulima aliachwa na bei ile ile duni. Akikataa, maziwa yanaharibika mikononi mwake.

Wakulima wakaenda kwa Bwana Vallabhbhai Patel, kiongozi mkubwa na mwana wa nchi ile ile. Alikuwa amewasaidia mwaka 1918, walipokataa kulipa kodi ya ardhi baada ya mazao kuharibika. Aliwashauri waunde chama chao wenyewe. Lakini aliwaonya pia kwamba huenda wakalazimika kukaa bila kuuza maziwa, na hasara hiyo wataibeba wao.

Januari 1946 walikutana katika kijiji cha Samarkha na kukata shauri: kila kijiji kiwe na chama, na vyama vyote viwe na muungano mmoja. Serikali ilipokataa kununua kwao, walifunga mauzo. Kwa siku 15 hakuna tone la maziwa lililotoka kwenda Bombay. Fikiri, msomaji: mtu mwenye nyati mmoja, bila fedha nyingine nyumbani, akae siku 15 bila kuuza. Jirani yake mmoja tu angeuza kwa siri, kazi yote ingeharibika. Walishikamana, na serikali ikakubali.

Muungano uliandikishwa tarehe 14 Desemba 1946, na mwenyekiti wake alikuwa Bwana Tribhuvandas Patel. Mwaka 1948 ulianza kupeleka maziwa Bombay kutoka vyama viwili vya vijiji, lita 250 hivi kwa siku.

FUNDI ALIYEKAA

Mwaka 1949 alifika kijana mmoja, Bwana Verghese Kurien, mhandisi aliyesoma Marekani. Alitumwa na serikali katika kiwanda chake kidogo pale Anand, naye alitaka kuondoka upesi. Bwana Tribhuvandas alimwomba atengeneze mashine kuukuu za chama. Akakubali, na akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 2012.

Shida iliyofuata ilikuwa ya wingi. Wakati wa baridi nyati hutoa maziwa mengi, na Bombay haikuweza kuyanunua yote. Dawa ilikuwa kuyafanya unga. Mabingwa wa Ulaya walisema maziwa ya nyati hayawezi kufanywa unga. Bwana H. M. Dalaya, mwenzake Kurien, alionyesha kwamba yanaweza. Kiwanda kikubwa kilifunguliwa mwaka 1955 na Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru, na shirika la UNICEF lilisaidia kwa mashine. Siagi na unga vilipewa jina la Amul.

CHAMA KINAVYOFANYA KAZI

Asubuhi na jioni watu hupanga mstari mbele ya nyumba ya chama, kila mtu na chombo chake. Maziwa hupimwa mbele ya mwenyewe, na kidogo huchukuliwa ili kujua mafuta yake. Bei hufuata mafuta, kwa hiyo anayetia maji hujiibia mwenyewe. Zamani fedha za asubuhi zililipwa jioni, na za jioni zililipwa kesho yake. Siku hizi wengi hulipwa kwa benki.

Kila mwanachama ana kura moja, awe na nyati mmoja au kumi. Wanachama huchagua kamati, na faida hugawanywa mwisho wa mwaka kwa kadiri ya maziwa ya kila mtu. Muungano pia huleta daktari wa mifugo, mbegu za madume bora na chakula cha nyati.

Mwaka 1964 Waziri Mkuu Lal Bahadur Shastri alilala usiku mmoja katika kijiji cha Ajarpura ili ajue siri yao. Aliona udongo wao na nyati wao si bora kuliko wa kwingine. Tofauti ilikuwa kwamba chama ni mali ya wakulima wenyewe. Mwaka 1965 serikali iliunda bodi ya maziwa ya taifa pale pale Anand, na mpango ukaenea India yote kuanzia 1970. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 India inaongoza dunia kwa wingi wa maziwa.

Lakini si kila kitu kilikuwa kizuri. Kazi ya kukata majani, kulisha na kukama hufanywa zaidi na wanawake, hali kwa miaka mingi kitabu cha chama kiliandikwa jina la bwana, na fedha alichukua yeye. Baadaye viliundwa vyama vya wanawake peke yao.

NA WEWE JE?

Katika mkutano ujao wa chama chenu, uliza mambo haya:

1. Je, maziwa yangu hupimwa nikiona kwa macho yangu?
2. Fedha hulipwa siku gani, na kama zimechelewa, ni kwa sababu gani?
3. Hesabu ya mwaka imesomwa mbele ya wanachama wote?
4. Mama anayekama ng'ombe, jina lake limo katika kitabu?

Kisha jiulize na wewe: mchuuzi akija mlangoni na senti chache zaidi wakati wa kiangazi, nitampa maziwa na kukiacha chama? Mchuuzi huyo hutamwona wakati wa mvua, maziwa yakiwa mengi. Wakulima wa Anand walikaa siku 15 bila kuuza, na chama walichokipata wajukuu wao wanakitumia hata leo.