Mizizi Inayotaka Hewa

Ukitaka kujua kama okidi yako ina kiu, itazame mizizi. Ikiwa ya kijivu kama majivu, mwagilia. Ikiwa chanikiwiti, ngoja.

Rangi hiyo hugeuka mbele ya macho yako. Okidi nyingi zinazoota juu ya miti huwa na mizizi iliyovikwa ganda la seli zilizokufa, zenye uwazi kama sponji. Wanabotania huliita velameni. Ganda likikauka hujaa hewa, nalo huonekana la kijivu. Likinywa maji hupitisha nuru, na ukijani wa ndani hujitokeza. Mmea wa namna hii umezoea mvua inayoteremka kwenye gome la mti na kupita, kisha upepo ukaja kukausha.

Ndiyo maana inaniuma kuona okidi imeshindiliwa udongo wa bustani. Udongo ukilowa, hewa hutoka, mizizi hukosa oksijeni na kuoza. Majani hulegea, mwenyewe akadhani ni kiu, akazidisha maji. Okidi yangu ya kwanza ilikufa hivyo hivyo, na hadi leo naisikitikia.

Sisi wa Pwani tuna makumbi ya nazi. Yakate vipande, yaloweke siku kadhaa katika maji yasiyo ya chumvi, ukiyabadilisha kila siku, kisha changanya na mkaa ndani ya chungu chenye matundu mengi. Jua la asubuhi linatosha. Majani yakiwa ya kijani kizito na maua hayaji, sogeza chungu penye mwanga zaidi.

Okidi ninayoipenda kuliko zote ni ya kwetu Afrika: Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia kama ya chui. Baadhi ya mizizi yake husimama wima kama sindano, ikanasa majani makavu yanayooza na kuwa mbolea yake. Tafadhali usiibandue porini. Mbegu ya okidi ni vumbi tupu, karibu haina akiba ya chakula, na huko mwituni haioti mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba sukari ndani ya chupa inaweza kushika nafasi ya kuvu huyo, na leo miche mingi huzalishwa chupani. Kwa hiyo kabla ya kununua, chunguza mizizi: iliyokatwakatwa, ikiwa bado imeng'ang'ania vipande vya gome, huenda mmea umetoka msituni.